Dereva Mzima wa Basi la Wagonjwa

Kila Alhamisi, mvua inyeshe au inyeshe sana, Erlend Drever wa shamba la Hammerquoy alipita nyumba kwa nyumba na basi dogo jeupe kuwakusanya wagonjwa, na yeye mwenyewe hakuwa mgonjwa. Jambo hilo la pili alilishika kuliko watu wengi wanavyoshika dini.

Ugonjwa wenyewe ni ule unaoitwa MS. Unakula ngozi ya mishipa ya fahamu kidogo kidogo: leo ganzi ya vidole, kesho jicho lenye ukungu, keshokutwa mguu unaokataa amri. Visiwa vyetu vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, vina wagonjwa wa MS wengi kuliko karibu popote duniani. Wataalamu hawaachi kuvuka bahari kuja kututoa damu, kisha wanaondoka na nadharia mpya: mara jua letu ni haba, mara ni damu ya mababu wa Norwei, mara ni maziwa. Sisi tunawapa chai na keki. Ni heshima ya aina yake kuwa wa kwanza duniani kwa kitu fulani, ingawa wengi wetu tungechagua mpira wa miguu.

Wagonjwa wana chama chao, na makao makuu ya chama hicho yako mbali kabisa na mgonjwa yeyote wa kwetu. Chama kina nembo, kina fulana, kina wafadhili wenye mapafu mazuri. Mwaka ule mwanasheria mmoja wa Edinburgh alipanda Kilimanjaro kuwachangishia fedha watu wasioweza kutembea, akatuma picha yake kileleni ameshika bendera ya chama. Picha ilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wanakokutana wagonjwa, juu ya ngazi za mawe ambazo nusu ya wanachama hawajawahi kuzipanda. Wao huingizwa kwa nyuma, kupitia jikoni, kati ya friji na pipa la taka, kwa hiyo mpaka leo hawajaiona Kilimanjaro.

Mara moja kwa mwaka makao makuu yalimtuma Morven, binti mwema mwenye karatasi za rangi za kunata, kuja kuwafundisha watu kueleza hisia zao.

"Karibuni, jamani. Leo kila mtu atuambie anajisikiaje. Tuanze na wewe, Davo."

"Siyo mbaya," alisema Davo Heddle, mvuvi wa kamba aliyestaafishwa na miguu yake. Wiki ileile alikuwa ameanguka bafuni, akalala sakafuni mpaka mtu wa posta alipomsikia.

"Na wewe, Mwalimu Jessie-Ann?"

"Siyo mbaya, mwanangu. Kuna baridi kidogo."

Zamu ilipozunguka meza yote, Morven alikuwa na "siyo mbaya" za kutosha kujaza ripoti, akapanda ndege yake akarudi kwao. Si kosa lake. Kwetu mtu haulizwi. Ukiona paa la jirani linawaka moto, unapita ukasema leo kuna joto joto hivi, na kama anataka ndoo ya maji ataitaja mwenyewe. Watu wa mbali wanadhani huo ni ubaridi. Sisi tunauita adabu, na kuna waliozikwa nayo.

Basi Erlend alikuwa mtoto halisi wa adabu hiyo. Ganzi ilipomwanza mguu wa kulia alisema ni buti. Alipobadilisha buti na ganzi ikabaki, alisema ni umri. Jicho lilipoingia ukungu akiwa juu ya trekta, akang'oa nguzo tatu za uzio wake mwenyewe, alisema nguzo zilikuwa mbovu. Hatimaye daktari wa hapa alimwandikia aende Aberdeen akapigwe picha za kichwa na uti wa mgongo, na Erlend akamwambia mkewe kwamba anakwenda kwenye mnada wa mafahali.

Alirudi na jibu la madaktari na bila fahali. Kila aliyekutana naye dukani alimuuliza habari za mnada, naye akasema mafahali walikuwa wamekonda. Alipoitwa Aberdeen mara ya pili aliona uongo wake unaanza kukonda pia, akanunua. Fahali alishuka melini mweupe, mpana, mwenye nasaba ndefu na hasira za mtu aliyepitwa na urithi, na kwa majike hakuwa na habari kabisa. Hakuna mgonjwa wa Orkney ambaye cheti chake cha ugonjwa kimewahi kula majani mengi namna ile.

Unaweza kuuliza kwa nini mtu anunue fahali badala ya kumwambia mke wake ukweli. Sababu ilikuwa Ina mwenyewe.

Ina alimuuguza mama yake kwa ugonjwa huohuo, tangu akiwa msichana wa shule mpaka walipomzika. Alijua kumgeuza mtu mzima kitandani kabla hajajua kucheza dansi. Siku Erlend alipomposa walikuwa wamesimama nyuma ya mabanda kwenye maonyesho ya kilimo, mahali ambapo mahaba ya kwetu hustawi, naye alimjibu kwa sharti.

"Nitaolewa na wewe, Erlend. Lakini kuuguza nimeshauguza. Sirudii. Nakwambia mapema tusije tukalaumiana."

Alicheka alipokuwa akisema, na Erlend naye akacheka. Alikuwa na mabega kama mlango wa ghala, na ugonjwa ulikuwa kitu cha mama wa watu. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaenda zao Glasgow na Australia. Sharti lilikaa kimya kama maji mtungini. Daktari wa Aberdeen alipomtajia jina la ugonjwa, Erlend hakusikia habari za dawa wala za mishipa. Alimsikia Ina akifunga sanduku la nguo.

Akapiga moyo konde kwamba hatajua mtu. Shida ni kwamba yeye mwenyewe alitaka kujua. Kila asubuhi alifungua macho akiuliza ni kipi kilichokwenda usiku, na wa kumuuliza hakuwepo. Ndipo dereva wa basi la wagonjwa alipostaafu, na mchungaji akatangaza kanisani kwamba anatafutwa mtu mzima mwenye moyo wa kujitolea. Erlend, ambaye hata harusi za jirani alihudhuria kwa kusukumwa, alinyoosha mkono.

"Wewe?" Ina alimuuliza walipofika nyumbani.

"Nimeguswa tu."

Ina alimwangalia kitambo, kisha akarudi kwenye viazi vyake.

Lilikuwa wazo la kijanja kupita kiasi. Erlend aliketi mbele, mikono kwenye usukani, mzima wa afya, na nyuma yake wagonjwa walizungumza kama watu wanavyozungumza wakidhani dereva ni sehemu ya basi. Morven na karatasi zake hakuwahi kuyasikia hata robo ya yale yaliyosemwa kati ya Stromness na Kirkwall. Kwenye basi Davo alieleza uchovu unaomwangusha mtu saa nne za asubuhi kama gunia. Mwalimu Jessie-Ann Foubister, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa upande wetu, alieleza namna ya kupanga safari kwa kufuata vyoo. Walitukana dawa zao kwa majina. Erlend alimeza kila neno, macho kwenye kioo cha ndani, na alipokuwa na swali alilivalisha nguo za mtu mwingine.

"Kuna jamaa yangu kule Shapinsay," angesema, "anasema akioga maji ya moto macho yanaingia giza."

"Ya vuguvugu tu," Davo alimjibu. "Mwambie jamaa aache ubwanyenye wa maji ya moto."

"Nitamwambia."

Jamaa wa Shapinsay alipata ushauri wa kila aina. Alishauriwa kuhusu mishtuko ya miguu, kuhusu kibofu, kuhusu huzuni inayokuja bila kubisha hodi. Mwalimu alimtumia soksi nene za sufu alizozifuma kwa mkono wake wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshaaga. Soksi zilimtosha Erlend barabara, jambo ambalo yeye alilichukulia kuwa bahati.

Hivyo mambo yakaenda kwa miaka kadhaa. Wanachama walianza kugombania kiti cha mbele karibu na dereva, na Erlend alifurahi kuona watu wenye mateso yao bado wanapenda kutazama mandhari.

Kisha ikaja safari ya Mei. Chama kilikuwa kinawapeleka wanachama kisiwa cha Hoy kwa feri, wakale mikate na nyama baridi wakitazama majabali. Barabara ya kwenda gatini inateremka, na mwisho wake ni bahari. Kwa muda mrefu sasa Erlend hakuwa anausikia mguu wa kulia. Aliuendesha kwa macho, anauangalia ulipo kisha anaukandamiza. Siku ile jua lilikuwa limetoka, jambo tusilolizoea, likampiga usoni, macho yakaingia ukungu. Alikanyaga breki na basi halikupunguza mwendo. Alitazama chini akakuta buti lake limekanyaga sakafu tupu, kando ya breki, kwa nguvu zote na kwa uaminifu mkubwa.

Kwenye kiti cha mbele alikuwa Mwalimu Jessie-Ann. Alipeleka fimbo yake ya kutembelea, akainasa breki ya mkono kwa kono la fimbo, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Basi lilipiga kelele, likayumba, likasimama magurudumu ya mbele yakichungulia maji.

Hakuna aliyepiga yowe.

"Mandhari nzuri," Davo alisema kutoka nyuma. "Leo tumepata nafasi ya mbele kabisa."

"Tazameni sili wale pale," alisema mwingine.

Baharia wa feri alikuja mpaka dirishani. Uso wake ulikuwa mweupe kama jibini, lakini adabu haikumtoka. Aliuliza kama wangependa kurudi nyuma kidogo, wakipata nafasi, hakuna haraka. Erlend alilirudisha basi, akalizima, na mikono yake ikakataa kuachia usukani.

"Nishushe nipate hewa," Mwalimu alimwambia.

Alimshusha, akamkalisha kwenye ukuta wa mawe, akasimama mbele yake kama alivyosimama akiwa darasa la pili.

"Samahani, Mwalimu. Breki zina kasoro. Kesho nalipeleka gereji."

"Breki ni nzima."

"Zilikuwa zinateleza tangu asubuhi..."

"Erlend. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma. Ulipokuwa hulijui neno ulikuwa unakohoa ili nidhani una mafua. Sasa umekohoa miaka mingapi?"

Erlend aliangalia feri. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya kwetu ni mawe matupu.

"Mlijua lini?" aliuliza.

"Wiki ya kwanza. Ulishuka kumfungulia Davo mlango, na mguu ukachelewa kukufuata. Mguu ule tunaujua, bwana. Hakuna asiyekuwa nao mle ndani."

"Wote mlijua?"

"Hata yule anayelala safari nzima."

"Na breki je? Mlijua siisikii?"

"Hilo tulilishuku mwaka jana, pale kona ya Finstown. Ndiyo tukaanza kupokezana kiti cha mbele. Wa zamu anakaa karibu na breki ya mkono."

"Wa zamu?" Erlend aligeuka akalitazama basi. "Davo hawezi kufunga vifungo vya shati lake."

"Ndiyo maana Davo akiwa zamu alikuwa anasali."

"Sikuwa nasali," Davo alisema dirishani, maana alikuwa ameshakiteremsha kioo ili asipitwe. "Nilikuwa naimba kwa sauti ya chini."

Hapo hasira zilimpanda Erlend, na kwa kuwa ilikuwa hasira ya mtu aliyeogopa, ilimpanda haraka. Aliwaambia kwamba ni wendawazimu. Alisema angeweza kuwaua wote, nao wangekwenda chini wakisema siyo mbaya. "Mna vichwa gani? Mtu anawaendesha kama kipofu, na nyinyi mnampa soksi. Neno moja tu lingewashinda nini?"

Mwalimu alingoja mpaka alipomaliza. Walimu wanajua kungoja.

"Ungeacha kuja," alisema.

Erlend aliinama akalitazama buti lake la kulia.

"Tungekuambia Alhamisi, na Alhamisi ya pili tungeletewa dereva mpya. Wewe ungekaa Hammerquoy na yule fahali wako. Na jamaa yako wa Shapinsay angemuuliza nani?" Aliipangusa fimbo yake kwa pindo la koti. "Tulisema atatamka mwenyewe. Kila wiki tukasema ni wiki hii. Haikuwa akili, najua. Leo nimeona haikuwa akili kabisa. Lakini mtu ukimtamkia, anaondoka. Tuliwahi kumpoteza mmoja hivyo."

Erlend alikaa ukutani kando yake. Baadaye aliuliza, "Ina anajua?"

"Hayo si ya kwetu," Mwalimu alijibu, na kwa hakika alimaanisha. Walikuwa tayari kufa baharini kwa ajili yake, lakini kuingilia mambo ya nyumba ya mtu, hapana. "Na usithubutu kuturudisha na basi hilo. Tumpigie mke wa mchungaji."

Mke wa mchungaji alikuja na mtu wa kuliendesha basi. Aliambiwa kwamba Erlend kichwa kinamgonga kidogo. Alikubali bila kuuliza ni kwa nini mtu mwenye kichwa kinachomgonga ameliacha basi ukingoni mwa bahari ya Scapa, akampakia kwenye gari lake, na njia nzima wakazungumzia bei ya mbolea.

Ina alikuwa jikoni anachoma mikate ya shayiri juu ya bati la moto. Alisikia gari lisilo la kwake likiingia uani, akaangalia dirishani, na Erlend alipoingia tayari alikuwa amempa mgongo.

"Basi liko wapi?"

"Wamelirudisha wengine." Alibaki mlangoni ameshika fremu. Njia nzima alikuwa ametunga maneno, yaliyoanzia mbali na kuzunguka, yenye fahali ndani yake. Yote yalimtoroka. "Ina, nina MS."

Ina aliugeuza mkate, maana mkate ukiungua haumsaidii mtu. Kisha akaugeuza wa pili.

"Tangu lini?"

"Tangu yule fahali."

"Kabla ya fahali," Ina alisema. "Mama alikuwa anakipapasa kizingiti kwa ncha ya kiatu kabla ya kuvuka. Wewe ulianza majira ya kuvuna, mwaka mmoja kabla ya Aberdeen. Nilikuwa hapa hapa naosha vyombo nikakuona."

Erlend alihisi kwamba ndani ya kisiwa kizima, mtu pekee aliyeamini kwamba ni siri ni yeye na labda fahali.

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

"Ulisema hutauguza tena. Ulisema tusije tukalaumiana."

"Nilisema. Na sikuwa natania." Aliushusha mkate wa mwisho, akaufunika kwa kitambaa. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, ila mikono ndiyo haikujua iende wapi. "Kila asubuhi nilikuwa naamka najiambia, leo akiniambia naondoka. Kisha huniambii, basi nakukaangia mayai. Nilikuwa naomba usiniambie, Erlend. Ulipokuwa hujaniambia, sikulazimika kujua nitafanya nini."

"Sasa nimekuambia."

"Ndiyo. Sasa umeniambia."

Alizima moto. Alikung'uta unga mikononi, akampita pale mlangoni bila kumgusa, akaingia ukumbini. Erlend alisikia mlango wa kabati la chini ya ngazi ukifunguliwa, kabati wanamoweka masanduku ya safari, na kitu kizito kikivutwa. Hakwenda kuangalia. Alijikokota mpaka kwenye kiti, akakaa, akaitazama mikate iliyofunikwa. Alijua kwamba hana haki ya kumzuia, na kwamba kama angekuwa na haki hiyo angeitumia bila aibu.

Ina alirudi amebeba kigoda. Kilikuwa kigoda kifupi chenye mto wa ngozi uliochakaa, na Erlend hakuwahi kukiona tangu waoane, ila alijua kilikuwa cha mama yake Ina. Ina alikiweka mbele ya mumewe, akapiga magoti kwenye sakafu ya mawe.

"Lete huo mguu."

"Ina, si lazima leo..."

"Lete mguu. Usinichoshe."

Alivuta buti, likagoma, akalivuta tena likatoka. Alivua soksi ya sufu, akauchunguza ufumaji wake, akaiweka pembeni bila kusema aliyeifuma. Kisha akaulaza mguu kwenye kigoda na kupitisha ukucha kwenye wayo, kuanzia kisigino, taratibu, kama mtu anayeijua njia.

"Unasikia?"

Mkono wa Ina ulikuwa mbele ya macho yake, angeweza kusema ndiyo kila ulipopita. Erlend alifumba macho.

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

Alisikia pumzi ya Ina tu.

"Na hapa?"

"Hapo nasikia," alisema Erlend. "Kidogo."

Ina hakukiondoa kidole.